Joho la Safari ya Barafuni

Hapo zamani, wakati miji ya pwani ilipokuwa bado ikishindana kwa urefu wa minara na ukali wa ndimi, palikuwa na mji uitwao Mashundwani. Watu wake hawakujua baridi. Mtu wa Mashundwani akiguswa mgongoni na upepo wa alfajiri alijifunika shuka mbili na kuita mganga. Nawaambieni haya mapema, ili mkisikia kwamba watu hao ndio walioazimia kwenda kwenye barafu, msidhani nimekosea jina la mji.

Mji huo ulitawaliwa na Jumbe Ngwali, mtu mwema ila mwenye maradhi ya kijicho. Jirani zao wa Kitokani walikuwa wamepeleka watu mwisho wa dunia, upande wa kusini kabisa, ambako maji hugeuka jiwe na jua husahau kuchwa. Ndivyo walivyosema wenyewe. Hakuna aliyewaona wakifika, lakini walirudi na bendera iliyochanika na maneno mengi, na Kitokani nzima ikatembea kifua mbele. Tangu siku hiyo chakula hakikumpita Jumbe Ngwali kooni.

Akaagiza joho jeusi lenye nyuzi za fedha, akatangaza kwamba atakayeifikia Ncha ya Kusini atavishwa joho hilo. Na joho halikuwa pambo. Mwenye kulivaa angekaa kuumeni kwa Jumbe, na neno lake ndilo lingekuwa la mwisho katika safari zote za mji: nani aende, nani abaki, safari iwepo au isiwepo. Akiwa amekufa, joho humwendea mrithi wake, na neno hilo nalo humwendea mrithi wake.

Wakajitokeza watu watatu. Wa kwanza ni Shali, mtoto wa watu, msomi, mwenye kipimo cha shaba cha kusomea jua na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Wa pili ni Mselem, mchukuzi wa forodhani, mtu wa maneno machache, mbishi. Akianza jambo haliachi hata jambo lenyewe likimwomba. Wa tatu ni Faki, mshona magodoro, mcheshi, mkono wazi, asiyeweza kula peke yake hata kashata.

Kwa kuwa hakuna aliyejua mtu huvaa nini kwenye barafu, Faki alishona alichokijua. Alishona makoti ya godoro, akayashindilia sufi mpaka mikono ikawa haikunjiki, na siku ya kuyajaribu watoto waliwafuata mtaani wakiyacheka magodoro yanayotembea. Wakachukua na maji mapipa kwa mapipa, maana kwao safari bila maji ni wazimu. Wakachukua na mafuta ya nazi ya kujipaka miguu kila asubuhi, kama afanyavyo kila msafiri wa pwani. Hakuna aliyewaambia kwamba kule mapipa yangepasuka, na mafuta ya nazi yangegeuka mawe ndani ya soksi. Waliopaswa kuwaambia ni Kitokani, na Kitokani walisema njia ni nyepesi.

Sasa Faki alikuwa na mama, na mama huyo ndiye ninayemtaka katika hadithi hii. Aliitwa Bi Mwanatumu. Hakuwa mwoga, msimdhanie hivyo. Alimzika mume akiwa bado kijana, akalea wana wawili wa kiume, Faki na mdogo wake Shaweji, bila kumpigia mtu hodi. Tena alikuwa na kazi yake ya heshima katika mji: alikuwa mwosha miguu.

Maana katika Mashundwani msafiri haingii kwake na vumbi la ugenini. Hukalishwa kwenye kigoda mbele ya mlango, mwosha miguu akaja na karai lake, akamwosha, akamkausha, ndipo akaruhusiwa kukumbatia watu wake. Na kazi hiyo ina mwiko mmoja: maji ya miguu humwagwa, hayasemwi. Miguu inajua mengi. Inajua nani alisema anakwenda shamba akaenda kwa mke wa pili, na nani alisema alipanda punda naye alikwenda kwa miguu kwa sababu punda alikwisha kumuuza. Bi Mwanatumu aliyaona yote hayo tangu arithi karai la mama yake, na hakuna hata neno moja lililomtoka.

Siku ya kuaga alimkuta Shali barazani kwa Jumbe, mbele za watu, akamuuliza kwa upole.

"Mwanangu, msikiti una mlango, soko lina kelele, kisima kina maji. Hiyo Ncha ina nini?"

Shali akasema haina kitu. Ni barafu tupu, sawa na barafu iliyo pembeni yake.

"Basi utajuaje umefika?"

Shali akainua kipimo chake cha shaba kikametameta. Akasema kipimo kitamwambia.

"Nani atakishika?"

"Mimi."

"Na nani atakisoma?"

"Mimi, mama."

"Basi Ncha unayo mkononi, baba. Kwa nini unamchukua mwanangu kwenda kuitafuta?"

Watu wakacheka mpaka Jumbe akajiziba mdomo kwa kilemba. Hata Faki alicheka, akamkumbatia mama yake, akamwambia asiwe na wasiwasi, mtu aliyevaa godoro hata akianguka anaangukia kitandani. Kisha wakapanda meli wakaenda zao. Kucheka ni rahisi, kuuliza ni rahisi pia, lakini hakuna aliyekaa chini akalijibu swali la yule mama.

Waliondoka watatu, wakarudi wawili.

Shali alisimulia palepale gatini, kabla hajashuka vizuri. Alisema meli iliwaacha ukingoni mwa barafu, wakatembea watatu bega kwa bega wakiburuta kigari chao kisicho na magurudumu. Wakafika Ncha watatu, wakapanda bendera ya Mashundwani watatu. Wakati wa kurudi Faki alishikwa na kichomi akafa akitabasamu, akiwa amekwisha kuiona Ncha kwa macho yake. Njia yenyewe, alisema Shali, si mbaya kama watu wanavyodhani. Mji ukalia na kushangilia kwa pumzi moja. Ngoma zikapigwa upande huu, matanga yakawekwa upande ule, na watu wakawa wanakwenda huku na huku wakipangusa machozi na jasho.

Bi Mwanatumu, msiba ukiwa bado mbichi, alichukua karai lake akaenda kuwaosha miguu. Wanawake walimkataza, wakasema kazi hiyo ingojee. Akakataa. Alitaka kuishika miguu iliyotembea na mwanawe, basi.

Alianza na Shali. Miguu ya Shali ilikuwa laini, kucha safi, vidole vimekaa mahali pake kumi kamili, ngozi imebanduka kidogo tu kisiginoni. Akaja kwa Mselem. Mselem alisita kuvua viatu. Alipovua, Bi Mwanatumu aliona mguu wa kulia una vidole viwili, na wa kushoto hauna hata kimoja. Mselem akatazama ukutani. Bi Mwanatumu akaosha taratibu, akakausha taratibu, akamwaga maji chini ya mpapai kama kawaida.

Lakini alikuwa amejua. Njia moja haiwezi kuila miguu ya huyu na kuibembeleza ya yule. Waliosema walitembea bega kwa bega hawakutembea bega kwa bega, na kama hilo ni uongo, mengine yote nayo yalikuwa na shaka, mpaka tabasamu la mwanawe. Moyo wake uliungua. Hata hivyo alinyamaza, kwa sababu ya mwiko, na kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki. Faki asingerudi kwa kumuumbua mtu.

Angenyamaza mpaka leo, lau si Shaweji.

Jumbe alitangaza kwamba Ijumaa, baada ya sala, Shali atavishwa joho, kwa kuwa ndiye aliyewaongoza wenzake. Na Shali kabla hata ya kulivaa akaanza kulitumia. Akasema patakuwa na safari ya pili, kubwa zaidi, vijana thelathini, makoti yaleyale ya godoro, ili Kitokani wajue hawajui. Msimshangae. Mtu aliyesema njia ni nyepesi atasemaje hataki kuirudia? Uongo ukishapandishwa kitini hauombi ruhusa ya kushuka. Na wa kwanza kujitolea, mbele ya vijana wote, alikuwa Shaweji.

Shaweji alikuwa mhunzi, amezidi kidogo umri wa kuoa, mkewe ana mimba ya kwanza. Alikwenda kumwambia mama yake mwenyewe, kwa adabu, ameketi mkekani.

"Mama, kaka amelala kule peke yake, hakuna wa damu yake aliyemzika. Nitakwenda nimlete, na nikishindwa kumleta, nitamsomea palepale alipo."

Bi Mwanatumu akamwambia kule kunaua. Shaweji akasema Shali mwenyewe, aliyekwenda na kurudi mzima, anasema njia si mbaya. Kaka alikufa kwa kichomi, na kichomi kinaua hata hapa Mashundwani. Mama alikuwa na jibu, jibu zuri kabisa, lakini lilikuwa ni jibu la ndani ya karai. Alimtazama mwanawe akila, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Ijumaa ikafika. Watu wakajaa barazani, joho likatandazwa juu ya mikono ya vijana wawili, Shali amevaa kanzu ya darizi na viatu vya ngozi mpya. Jumbe alipoinuka, Bi Mwanatumu naye akainuka. Akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jumbe, mimi ni mwosha miguu. Mama yangu alinifundisha kunyamaza na nimenyamaza. Leo naiacha kazi hii, maana nikisha kusema sitaistahili tena. Mvueni Shali viatu, mvueni na Mselem. Kisha mniambie kama watu hawa walitembea njia moja."

Wazee wengine waliziba masikio. Wengine walisema mwanamke huyu ameharibikiwa na akili kwa msiba, na kwamba kuanzia leo nani atakubali kuoshwa miguu katika mji huu? Walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini jicho halina pazia, na macho yote yalikuwa yamekwisha kushuka chini. Shali hakungoja kuvuliwa. Alivua mwenyewe. Mselem naye akavua, na watu wakaona.

Sasa msimdharau Shali, maana alisimama wima akasema ukweli wote, kwa sauti ileile aliyosemea uongo.

Alisema hawakufika Ncha. Walipokuwa bado mbali nayo, maji yamegeuka mawe, mafuta yamegeuka mawe, chakula kimepungua, Faki alianza kukohoa damu. Shali akasoma kipimo, akajua kwamba wakiendelea watakufa wote. Lakini wenzake walikuwa wameapa kwa msahafu kwamba hawageuzi uso mpaka wafike. Basi akapanda bendera kwenye barafu aliyosimama, akawaambia, hii hapa ndiyo Ncha, tumefika, turudi nyumbani.

"Nilisema uongo," akasema Shali, "na uongo wangu ulikuwa ndio kamba pekee ya kuwarudisha hai. Kama wangeushika wote, Faki angekuwa ameketi hapa leo. Hapa mjini niliuendeleza kwa aibu, na hilo ni kosa langu. Lakini kiongozi ni yule anayejua mahali pa kugeuka, na mimi nilijua. Nivisheni joho, na neno langu la kwanza litakuwa kuifuta safari ya pili."

Watu wakanung'unika. Wengine walisema kweli, wengine walisema mwongo akikuahidi mvua usitoe mtungi nje.

Mselem akasema naye, kwa shida, kama mtu anayenyanyua gunia lililozidi nguvu zake. Alisema yeye hakudanganyika. Mahali pale hapakufanana na Ncha, kwa sababu jua lilikuwa bado linapanda na kushuka kidogo. Kiapo ni kiapo. Akachukua kipimo, akamwambia Shali akae na mgonjwa, akaenda mbele peke yake katika tufani iliyomla vidole. Akafika.

Bi Mwanatumu hakumwachia hata yeye.

"Nani alikuona, Mselem?"

"Hakuna, mama. Ila jua. Nilikaa pale mzunguko mzima, likanizunguka kwa kimo kimoja, halikupanda wala kushuka, kama ngamia wa kinu cha ufuta."

"Na hayo hukuyasikia kwa mabaharia?"

"Niliyasikia. Kisha nikayaona." Akamgeukia Jumbe. "Niliporudi, Faki alikuwa amekufa. Kigari kilitaka watu wawili wa kukiburuta. Kama nisingekwenda, tungemfikisha melini. Hilo ndilo nililoficha mimi, na Shali akaficha lake, tukawa tumefungana midomo. Lakini mliahidi joho kwa atakayefika, na aliyefika ni mimi. Mkinivisha, sitasema safari zikome. Nitasema wasiende thelathini wenye magodoro. Waende wachache, wanaojua wanakokwenda, waambiwe kila kitu."

Jumbe akauliza kama Faki, katika kufa kwake, aliamini kwamba amefika. Shali na Mselem wakatazamana, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyetaka kumtangulia mwenzake.

Mselem ndiye aliyesema. Faki hakuamini hata kidogo. Usiku ule usio na giza alimwita Mselem pale alipolala, akavua glovu zake za ngozi ya mbuzi alizoshonewa na mama yake, manyoya yakiwa ndani, akamvisha. Mselem akakataa. Faki akamwambia: "Mimi sina safari tena. Nenda, mmoja wetu aone kweli, tusije tukarudisha uongo mtupu kwa watu wetu." Mselem akainua mikono yake juu, watu wote wakaiona. Vidole vyote vya mikono vilikuwepo.

Baraza zima likalia. Mzee mmoja aliyekuwa ameziba masikio akayazibua, akasema mambo yamekwisha kujulikana. Shali aliokoa kwa uongo. Mselem alifika kwa kumwacha ndugu. Bi Mwanatumu alisema kweli kwa kuvunja mwiko. Lakini Faki alitoa kinga yake na uhai wake ili kweli ipatikane, wala hakumdanganya mtu, wala hakumwacha mtu. Kama kuna mwenye joho, ni Faki. Watu wakaitikia kwa pamoja, wanaume na wanawake, na wengine wakaanza kumsomea palepale.

Na aliyekufa, mnajua, joho lake humwendea mrithi wake, na mrithi wa Faki ni mdogo wake.

Shaweji akatokeza mbele, macho mekundu. Hakuwa na kiburi, alikuwa na kilio tu. Akasema hataki kukaa kuumeni kwa mtu. Akivishwa joho la kaka yake atasema neno moja: safari iwepo, na yeye atangulie, akamlete Faki. Sasa anajua njia ni mbaya, anajua inaua, na anakwenda akijua, kama kaka yake alivyojua. Nani atamzuia mwenye joho?

Wanawake wakaona hatari hiyo, wakapaza sauti kwamba basi avishwe Bi Mwanatumu mwenyewe. Ndiye aliyeuliza kabla ya safari, ndiye aliyeuliza baada ya safari, na bila yeye vijana thelathini wangekwenda kufa kwa ajili ya bendera iliyopandwa mahali popote. Akivaa yeye, hakuna atakayekwenda, Shaweji atabaki, mtoto wake atazaliwa ana baba. Wazee wakajibu kwamba joho haliwezi kumkaa aliyevunja mwiko siku ileile ya kuuvunja, na kwamba yeye hakwenda popote.

Jumbe Ngwali akainua mkono, watu wakanyamaza. Kijicho chote kilikuwa kimemtoka, amebaki mzee mwenye joho asilojua pa kulipeleka. Akamgeukia Bi Mwanatumu.

"Mama, leo umeivunja kazi ya mama yako ili tusidanganywe. Hutaki uongo hata wa kuokoa watu. Basi mimi sitahukumu, nitakufuata wewe. Tuambie kweli tupu: mwanao Faki, alistahili joho hili, au hakustahili?"

Bi Mwanatumu akasimama. Mkono wake mmoja ulikuwa umemshika Shaweji kanzu, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimshika sokoni alipokuwa mdogo. Akisema Faki alistahili, atakuwa amesema kweli, na atakuwa amemvisha mwanawe wa pili joho la kumpeleka barafuni. Akisema hakustahili, Shaweji atabaki, na Faki atakuwa amesemewa uongo na mama yake mzazi mbele ya mji mzima, yeye aliyekufa kwa ajili ya kuukataa uongo.

Hapo ndipo mimi ninapokaa kimya, nanyi ndio mseme. Joho ni la nani: la Shali aliyejua pa kugeuka, la Mselem aliyefika, la mama aliyeuliza, au la Faki? Na wewe unayejibu haraka kwamba ni la Faki, je, ungelichukua kwa mikono yako ukamvisha Shaweji, mama yake akikutazama?